Banda la Samaki Lenye Vyumba Vitatu

Valère, funga mulango, kisha ukae hapa karibu na kitanda pamoja na dada yako Yolande, maana sauti yangu haifiki mbali tena na maneno haya sitaki yapite dirishani kabla ninyi hamujayasikia. Mimi baba yenu Dominique, niliyevuka ziwa kutoka Pweto na nyavu mbili na marehemu mama yenu Berthe, ninawaachia nyumba hii ya Kabuta, vyumba vitatu na malata ya paa lake. Ninawaachia mutego, watoto wangu, na mimi ndiye niliyeutega.

Nilipotaka kujenga nilienda Nchelenge, kwenye biro ya kansolo, baraza la wilaya, kama mutu yeyote. Bwana Kaoma, afisa mupole, alinieleza vizuri kwamba nyumba ya kulala watu karibu na maji haijengwi mupaka watu wa mazingira waje wapime, waangalie uchafu wa musalani utaenda wapi, kisha komite ikae. Ningoje mvua ipite, watakuja. Nikamuuliza, na banda la kukausha samaki? Akasema banda halilali mutu, halina musalani, banda tunaliandika leo leo. Yolande, ulikuwa bado tumboni, tulikuwa tunalala chini ya turubai, na mimi sikuwa mutu wa kungoja. Nikasema, bon, andika banda.

Mama yenu akaweka mapazia. Wafanyabiashara wenzangu waliokuja kunywa chai walicheka, wakasema Dominique anawakaushia samaki wake kitandani, na mimi nilicheka nao. Munakumbuka kila mwaka, ziwa likifunguliwa tena kwa uvuvi mwezi wa tatu, namna tulivyotoa vitanda nje, tukatandaza chisense, vile visamaki vidogo, kwenye vichanja humu ndani, tukapanga kuni mbele ya musalani? Mulidhani ni usafi wa mwaka. Ilikuwa siku ya watu wa kansolo kuja kuhesabu mabanda. Nyinyi mulikuwa wadogo, mulibeba godoro mukiimba, na mimi nilikuwa nawafundisha uongo bila kufungua kinywa.

Sasa sikilizeni lililo zito. Jirani yetu Chiti anachota maji pale chini, hatua chache kutoka shimo letu la musalani. Miaka nane iliyopita, mvua ilipojaza ziwa na watu wakaanza kuharisha, mutoto wake Saviour aliumwa Jumatatu, akazikwa Alhamisi. Baada ya mazishi Chiti alikuja akasimama hapo mulangoni, hakukaa, akaniuliza, Dominique, musalani wako ulichimba hatua ngapi kutoka majini? Nikamujibu, Chiti, hili ni banda, banda halina musalani. Nilimuambia hivyo mutu aliyekula karamu ya ubatizo wako hapa, Yolande, na siku hiyo ya ubatizo mimi mwenyewe nilimuonyesha pa kujisaidia. Aliniangalia, kisha akaangalia chini, akaenda. Hajakanyaga hapa tena.

Ninyi niliwaambia Chiti ana wivu, ndiyo maana hamumusalimii. Niliwaambia pia musichote tena maji ya upande wake, mupande hadi bomba la barabarani, na mukafikiri ni ugomvi wa wazee. Haukuwa ugomvi. Niliogopa yale maji.

Sijui kama ni shimo langu lililomuua Saviour. Mwaka ule walikufa wengi, hata kule kisiwani Kilwa, humu ziwani. Aliyepaswa kujua ni yule aliyepaswa kuja kupima, na mimi nilimufungia njia. Hilo linaniuma kuliko kifua hiki.

Karatasi ya banda ina jina langu, na nikifa inakufa nami. Mukienda kuibadilisha watakuja kupima, wataona nyumba, labda wataamuru ivunjwe. Mukisema ni banda, mutatoa vitanda kila mwezi wa tatu, na watoto wenu watabeba magodoro wakiimba, na siku moja mutamujibu mutu mwingine kama mimi nilivyomujibu Chiti. Wiki tatu nimelala hapa natafuta njia ya kutokea, sijaiona.

Basi fanyeni hivi. Valère, kesho asubuhi, mimi ningali na pumzi, uende biro ya kansolo na hiyo karatasi, useme baba amenituma, ni nyumba, ina vyumba vitatu, na musalani uko hatua ishirini na moja kutoka majini, njooni mupime. Najua utataka kungoja mupaka munizike. Usingoje, kosa liandikwe kwa jina la aliyelifanya. Wakisema ivunjwe, toeni malata polepole, bado ni mazima, mujenge juu karibu na barabara, na safari hii mungoje komite hata mvua mbili. Nyavu ni zako. Kinga, ile baiskeli yangu, na cherehani ya mama yenu ni vya Yolande, musigombane.

Watu watakuja kwenye kilio, watalala hapa nje, na mutu atawavuta pembeni aulize pa kujisaidia. Musimuonyeshe kichaka. Waonyesheni wote musalani, na kuni zilizo mbele yake muziondoe leo.

Sogeeni... mukono wangu hauinuki, wekeni vichwa chini yake ninyi wenyewe. Mungu wa mama yenu awalinde ziwani na nchi kavu. Mulale kwenye nyumba inayoitwa nyumba. Mutu akiwauliza swali, mujibu.

Yolande, wewe nenda kwa Chiti sasa hivi. Upige magoti, umuite tata, kama baba yako. Umuambie, Dominique anasema musalani uko, ulikuwako siku ile. Usimuombe anisamehe, hilo si lako kuomba. Umuombe tu kikombe cha maji yake, yale ya pale chini, uniletee...

Hapana, Valère, weka chini hayo ya bomba. Nataka yake. Nenda, mama. Nitangoja.