Meli Ambayo Hakuna Aliyeiona Kindu

Mtumbwi wa injini ulikuwa haujafika hata katikati ya mto, ukitoka mjini Kindu kwenda Alunguli ng'ambo ya pili, Mzee Sudi, muuza mchele wa Kibombo, alipoanza kumsema Odile, mwanamke wa Bukavu aliyeketi juu ya magunia yake ya mchele wa Asia. Walikuwa hawajuani kabisa. Mamy, muuza chakula wa Alunguli, aliipakata sufuria yake ya wali akatega sikio.

"Wakati wa vita, treni ilisimama," Sudi alisema. "Njo siye tulilisha huu muji. Tulisukuma muchele na baiskeli toka Kibombo, na hakuna mutu alisema iko na mawe, sawa vile wanunuzi wanasema leo! Leo muchele yetu inaoza kwa sababu yenu, watu wa Bukavu, munaleta hii ya Asia. Siku ya kura tutachagua mwana wa hapa Maniema, mwenye atawarudisha kwenu."

"Papa, hii muchele haitoke Bukavu," Odile akajibu bila kupandisha sauti. "Inatoka mbali, na meli. Hata kwetu walimaji wanalia. Mukinifukuza mimi, meli itageuka?"

Sudi akaangaza macho mtoni, juu na chini. "Meli siioni, mama. Wewe ninakuona."

Injini ikazimwa, mtumbwi ukagusa mchanga. Sudi akamgeukia Mamy. "Na wewe, mwana wa kwetu, umepika muchele ya wapi?"

Mtumbwi mzima ukamtazama. Mamy akaibana kifuani ile sufuria, ambamo mchele wa Kibombo na wa Asia ulikuwa umeiva pamoja tangu asubuhi, akawa wa kwanza kushuka.