Majaribio ya Bosi Vickery

Asubuhi ile, kwenye benchi la kibanda cha kahawa, ng'ambo ya geti la studio, Mkono hakugusa donati yake. Hollywood nzima ilimwita Mkono kwa sababu kwa miaka kumi na miwili alizungusha mpini wa kamera ya Ansel Vickery, aliyeigiza na kuongoza picha zake mwenyewe, zile za kimya. Sinema zilipoanza kusema, Vickery alijaribu moja, ikatupwa, na hajapewa nyingine. Leo wamemwita ndani kwa majaribio. Akipita, Mkono naye anarudi kazini. Asipopita, ndiyo basi tena kwa wote wawili.

— Hapiti, — akasema Ndevu, ambaye kazi yake ni kufuga ndevu na kukodishwa kama nabii au mlevi. — Jamaa ana sauti ya mbuzi.

— Mbuzi wewe! — akadakia Mama Machozi, anayelia kwa kuagizwa, jicho la kushoto kwanza. — Mabosi wamemkalia tu. Alimkataa binti wa tajiri.

— Binti gani?

— Simjui, lakini alimkataa.

— Porojo hizo. Ni meno ya bandia. Yana chuma ndani. Mashine ya sauti ikinusa chuma, inapiga mluzi.

— Aa wapi! Wewe ukisogea si ingenusa pombe?

— Na tena nasikia inachuja watu. Kama uliwahi kudanganya kanisani, haikunasi ng'o.

— Mungu wangu! Basi benchi hili lote tumekwisha. Eti Mkono, wewe uliyeshinda naye miaka yote, hebu sema.

— Bosi yuko sawa, — Mkono akajibu. — Mtaona.

Akageuka kulitazama geti.

Hapo akaja bwana mmoja mnene, fundi wa sauti wa studio, mgeni kijiweni, vifaa vya kusikilizia vikining'inia shingoni, akaagiza kahawa chungu.

— Umetoka kwa Vickery? — Mkono akamrukia.

— Ndiyo. Anaigiza vizuri mno. Na sauti anayo, nzito.

— Si nilisema! — Mama Machozi akapiga paja.

— Ila anaongea.

— Si ndicho mnachotaka?

— Hapana, mama. Anajielekeza, katikati ya igizo! "Ansel, geuka. Ansel, tazama dirisha. Haya, huzuni sasa." Mashine inanasa yote. Tumerudia mara sita.

Hakuna aliyecheka. Enzi za kimya waongozaji wote walifanya hivyo: kamera inazunguka, wao wanapiga kelele, nani angesikia?

— Kwani hajui? — yule bwana akauliza. — Ninyi rafiki zake, nani aliwahi kumwambia?

Ndevu akatazama viatu vyake. Mama Machozi akakoroga kikombe kilichokwisha kahawa. Mkono alikumbuka ile picha iliyotupwa. Alimsikia bosi wake siku ile akijielekeza vilevile, kila neno, akaona haya. Mzungusha mpini atamkosoaje bosi? Akanyamaza, na miaka miwili ikapita.

Geti likafunguka. Vickery akatoka, uso bado umepakwa poda nyeupe, akapaza sauti toka ng'ambo:

— Wamenipa nafasi ya mwisho, saa nane mchana! Sijui hata wanataka nini, watu hawa!

Mkono akaweka kikombe chini, akavuka barabara.

— Mimi najua, bosi, — akasema. — Nimejua siku nyingi.