Nzuri, Ila Mguu Umevunjika

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho ndani ya treni, ila masikio yake hayakuwa na habari na usingizi. Mbele yake mwalimu mstaafu, mama mwenye bahasha ya eksirei mapajani, alikuwa akibishana na muuguzi aliyekutana naye humo humo. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kichekesho cha jana kwenye televisheni.

"Mama mkwe anauliza habari za nyumbani, na mkwewe anajibu, 'Mbaya! Binti yako anakoroma kama jenereta!' Ndiyo adabu hiyo?" mwalimu alifoka. "Si adabu, mwalimu, ndiyo maana tulicheka," muuguzi akajibu. "Angesema nzuri, mimi ningekwenda zangu kulala."

"Sisi tulifunzwa kujibu nzuri hata paa likivuja," mwalimu alisema. "Najua, matunda yenu nayaona wodini kila asubuhi. Namuuliza mgonjwa habari za leo, ananijibu nzuri, ila mguu umevunjika!"

Fundi alikohoa kuficha kicheko. Mwalimu alitaka kujibu, simu yake ikalia. "Nzuri, mwanangu," alisema kwa sauti ya furaha. "Sisi wazima kabisa. Baba yako? Hajambo, amejipumzisha tu."

Alipokata simu, muuguzi aliitazama ile bahasha, kisha akauliza taratibu, "Habari za mzee, mwalimu?"

Mwalimu akafungua kinywa. Ile nzuri yake ilifika mdomoni ikagoma kutoka. Treni ikasimama, milango ikafunguka, na fundi, aliyetakiwa kushuka stesheni mbili nyuma, hakunyanyuka.