Ukuta Usiowaka kwa Mkono Mmoja

"Mgeni rasmi, Mheshimiwa Nicholas Kipchumba, ambaye pia ni mwenyekiti wa ushirika wetu wa wakulima wenye ghala hili, wazee wetu, mama zetu, wachungaji, na vijana wenzetu, hamjambo?"

"Hatujambo!" ghala zima likaitika, na Chepngetich akajua sauti yake haitamwangusha leo. Alikuwa amesimama ndani ya ghala la zamani la mahindi, Yamumbi, karatasi za risala mkononi. Nyuma yake ulipanda ukuta wa plaiwudi hadi karibu na mabati, umejaa vishikio vya kila umbo. Kiti cha mbele alikaa Mheshimiwa, kofia ya chama chake juu ya goti. Kando yake alikaa Bwana Johnstone, mtu wake wa itifaki, na nakala ya risala iliyochorwachorwa kwa kalamu nyekundu.

Maana kwetu risala haisomwi hivi hivi tu. Lazima mtu wa mkubwa aipitie kwanza, asije mkubwa akaambiwa jambo asilolijua, au baya zaidi, jambo analolijua. Johnstone alikuja jana yake, akanywa chai ya vijana, kisha akaikata sehemu ya historia yote.

"Hii ni sherehe, si matanga," alisema. "Na hizo taa za ukuta, wekeni rangi ya chama. Mheshimiwa akishika hapo, ukuta wote uwake rangi yetu, picha zipigwe. Mkifanya hivyo, ghala ni lenu mpaka mzeeke. Mkikataa, kuna mtu wa mbolea anaitaka hii place tangu Krismasi."

Alipoondoka vijana walibishana hadi chai ikapoa. Okeyo, seremala wao, alisema rangi ni rangi tu, ghala ndilo la maana, tusijifanye malaika. Mary ndiye aliyefunga umeme wote wa ukuta. Alitoa spana mfukoni, akaiweka katikati ya meza. Okeyo aliitazama, akacheka peke yake, akasema, "Sawa, basi na iwe." Hapo Chepngetich akajua atakachosoma.

UKARIBISHO

"Mgeni rasmi, sisi wanachama wa Kikundi cha Shika Nikushike tunakukaribisha Yamumbi. Tunajua msimu huu una mialiko mingi, na barabara yetu mvua ikinyesha haijui mkubwa wala mdogo. Ukuta unaouona ni wa kupanda kwa mikono na miguu. Tumeujenga ndani kwa sababu mvua ya Uasin Gishu haisomi ratiba ya mtu. Tuliuchora wenyewe, tukakata mbao wenyewe, na waya zilizo ndani yake tumezifunga wenyewe."

Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Johnstone akafungua ukurasa unaofuata, akiwa tayari kwa sehemu ya mafanikio.

HISTORIA YETU

Kalamu nyekundu ikasimama hewani.

"Mgeni rasmi, ukuta huu haukuanza na mbao. Ulianza na mawe. Nyuma ya ghala hili kuna ua wa mawe, na mwezi wa kwanza wa mwaka wa elfu mbili na nane, nyumba za Yamumbi zilipokuwa zikiwaka baada ya uchaguzi, mama mmoja alikimbilia pale na binti yake. Lango lilikuwa limefungwa. Ndani aliishi bawabu wa ghala na mke wake. Mke wa bawabu alipanda juu ya pipa, akanyoosha mkono, na mkono haukufika. Basi mtoto akaambiwa apande. Kila alipoachilia jiwe, ilibidi awe ameshikwa mahali pengine. Mama yake alimshika nyayo kutoka chini, mke wa bawabu akamdaka kifundo cha mkono kutoka juu. Wanawake hao hawakuwa wa kabila moja. Mtoto alivuka, na mama yake akavuka baada yake."

Johnstone alikuwa ameshainuka, anamwendea kijana wa mitambo ya sauti huku akipitisha kidole shingoni. Katikati ya ghala mama mmoja mfupi mwenye leso ya kijani akasimama. Alikuwa mama yake Chepngetich, mke wa yule bawabu.

"Wewe kijana wa suti," akasema, "wacha mtoto asome."

"Mama, muda hautoshi..."

"Muda wa kunywa chai yao ulikutosha. Kaa."

Watu wakacheka, na Johnstone akakaa. Chepngetich akazinyoosha karatasi kwanza, kwa sababu mstari uliofuata ndio uliomnyima raha tangu jana. Safu ya tatu alikuwa ameketi baba yake mdogo, ndugu wa baba yake, aliyemletea peremende utotoni mwake kila siku ya soko. Naye siku ile alibeba kiberiti. Chepngetich alimpenda, na alimchukia, na hakuwahi kumwambia hata moja kati ya hayo mawili.

"Waliochoma, mgeni rasmi, hawakutoka mwezini. Walikuwa majirani. Wengine ni wa nyumba za sisi tunaosoma risala hii, na hadi leo tunanunua mkate nao duka moja. Tuliambiwa haya si ya kusemwa penye sherehe. Sisi tunasema mwenye kovu usidhani kapoa."

Hakuna aliyepiga makofi. Baba yake mdogo aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake, lakini hakutoka nje. Chepngetich alikuwa na hakika angetoka.

MAFANIKIO

"Tumefanikiwa kujenga ukuta unaofanya walivyofanya mama yule na mwenzake. Ndani ya kila kishikio kuna taa na kifaa kidogo kinachosikia uzito wa mtu. Waya zote zinaingia kwenye kisanduku kilicho nyuma, ambacho sisi tunakiita ubongo. Ukishika kishikio cha kwanza peke yako, hakuna kinachowaka. Mpaka mwenzako naye ashike upande wa pili, hapo ndipo taa inawaka na kukuonyesha mahali pa kwenda. Mmoja akienda, mwingine anashikilia. Akiachilia, taa ya mwenzake inazima. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na hapa hauwashi taa. Watoto kutoka Kapseret na Kapsoya wanakuja hapa kila Jumamosi, na wengi hawakuwahi kushikana mikono na mtoto wa upande mwingine wa barabara."

CHANGAMOTO

"Mwanzoni tulitumia vifaa vya kusikia mguso. Mabati yakavuja, na ubongo ukadhani kila tone la mvua ni mkono. Ukuta ukawa unawaka wenyewe kama una majini, mlinzi akakimbia na hajarudi. Ndipo Mary wetu akatafuta vifaa vya kusikia uzito. Tangu siku hiyo ukuta hauwezi kudanganywa kwa kidole. Lazima ujivute kweli."

Hapo hata Mheshimiwa akacheka. Mary, aliyekuwa amesimama mwisho kabisa wa ukuta na ovaroli yake ya buluu iliyofifia, hakucheka.

"Changamoto ya pili tulijiletea wenyewe. Tulinunua taa za rangi mbili, za buluu na za manjano, kwa sababu ndizo zilizokuwa dukani, tukaugawa ukuta katikati. Rangi za vyama viwili, Wakenya sisi, mwaka wa uchaguzi! Wiki haikuisha watoto wakawa wamejipanga wenyewe, wa kina fulani kushoto, wa kina fulani kulia. Mtoto wa darasa la tatu akamwambia mwenzake, 'Shuka, huu si upande wa watu wenu.' Hapa hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Siku hiyohiyo tulitoa rangi zote, tukaweka nyeupe."

Mheshimiwa aliitoa kofia gotini, akaiweka chini ya kiti. Chepngetich aliona, na moyo wake ukapata nguvu ya kumalizia.

MAOMBI

"Mgeni rasmi, hapa ndipo vikundi huomba mahema, viti na tangi la maji. Sisi tuna ombi moja tu. Taa zibaki nyeupe, na mlango ubaki wazi kwa mtoto wa yeyote. Tumesikia kuwa ghala lina mteja mwingine. Hatubishani, funguo ni zako. Lakini tungependa ujue tulivyojenga. Ukuta huu hauna msumari hata mmoja. Kila ubao umeshikwa na bolti, na kila waya una plagi yake. Waliouchora walihama wakiwa watoto, wakaacha nyuma kila kitu, hata viatu. Kwa hivyo hatujui kujenga kitu kisichobebeka. Tukipata pikapu moja, kesho ukuta huu utalala Kapsoya, ambako kanisa limeshatufungulia ukumbi. Ghala ni lako, mgeni rasmi. Ukuta ni wetu, na rangi yake haiuzwi.

"Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Aibariki mikono iliyonyooshwa juu ya ua, na aisamehe iliyobeba kiberiti. Ni sisi, tusioachiliana, Kikundi cha Shika Nikushike, Yamumbi."

Alikunja karatasi. Mama yake ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha Okeyo, kisha ghala lote, na wale waliokosa nafasi ndani wakapiga mabati ya ukutani kutoka nje.

Mheshimiwa alikuwa mwanasiasa wa miaka mingi, na mwanasiasa akizidiwa maneno hukimbilia vitendo. Aliinuka, akavua koti, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta kuuzindua. Wapiga picha wakajipanga. Alikishika kishikio cha kwanza kwa vidole. Kimya. Akakishika kwa mikono yote miwili, akajivuta mpaka visigino vikainuka sakafuni. Ukuta ukabaki giza vilevile.

"Stima imepotea?" Johnstone akauliza kwa sauti ya juu.

"Stima iko," Chepngetich akasema. "Mheshimiwa hajapata mwenzake."

Mheshimiwa aligeuza shingo kutazama upande wa pili wa ukuta. Kishikio cha pili kilikuwa pale, na kando yake alikuwa Mary na spana yake mkononi. Hakusogea.

"Njoo basi, msichana," Mheshimiwa akasema, akitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Rangi gani, Mheshimiwa?" Mary akauliza.

Mtoto mchanga akasikika akinyonya. Jasho lilimtoka Mheshimiwa kwenye paji la uso. Mikono ilishaanza kumchoka, lakini mbele ya wapiga kura wote wale angeachiliaje?

"Ikae nyeupe," akasema chinichini.

"Kwa maiki. Na walio nje wasikie."

Woi, Mary! Kuna mzee aliyeguna kwa furaha hadi akakohoa. Chepngetich alichukua maiki, akampelekea Mheshimiwa mdomoni, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa kazini.

"Ikae nyeupe," spika zikanguruma hadi barabarani. "Na ghala... ghala wabaki nalo vijana. Mtu wa mbolea atafutiwe kwingine."

Mary alitia spana mfukoni, akashika. Ukuta ukawaka, mweupe kabisa, na kishikio kimoja juu ya kichwa chake kikamwita. Akapanda. Akapanda tena, mguu kwa mguu, haraka kama mtu anayeijua njia hiyo tangu utotoni, tangu ule ua wa mawe, na kila kishikio alichofikia kikang'aa kwa sababu mtu fulani chini, mwenye shati la mikono mirefu lililolowa kwapani, alikuwa bado ameshika. Mama yake Chepngetich alikuwa akilia bila kujificha. Baba yake mdogo alikuwa amesimama.

Mheshimiwa alihema. "Sasa niachilie?"

Chepngetich alitazama juu, alikokuwa Mary, karibu na mabati.

"Usiachilie, Mheshimiwa," akamwambia. "Kuna mtu juu."