Wimbo wa Oighrig Alioupokea Peigi

Siku mama yetu alipotutoka, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, kando ya kitanda walikuwepo mwanawe Tormod, jirani yetu Ruairidh, muuguzi Catriona, na mimi mkamwana wake, nikiwa nimempakata binti yangu Una.

Mama yetu Peigi alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa kisiwani Uist Kusini, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1962, kisha akafuma nguo za sufu pamoja na mama yake Oighrig, ambaye ndiye aliyempa wimbo wa maombolezo tunaoujua sote. Tarehe 17 Julai 1971 alifunga ndoa na Aonghas, mvuvi wa kambamti, wakajaliwa Tormod mwaka 1983, na Aonghas alitangulia mwaka 2004.

Mwaka 2009 watu wa televisheni walikuja kutafuta wimbo wa kumzikia msafiri katika mchezo wao wa kuigiza wa safari za angani, mama akawaimbia beti tatu kati ya nne, na walipomuuliza kama wimbo ni wake alijibu, "Hapana, si wangu," kwa sababu kwetu mtu hajimilikishi wimbo, hungoja aulizwe ameupokea kwa nani, lakini wageni hawakujua kuuliza, wakashukuru wakaondoka.

Mchezo ulipoonyeshwa majirani walijazana kwa Ruairidh, majina ya walioshiriki yakapita mwishoni, na kwenye wimbo pakaandikwa tu kwamba ni wa jadi.

"Dada Peigi, hata aliyewachemshia viazi yumo," Ruairidh alimtania, "Oighrig wetu wamemtupa wapi?"

Mama alicheka, halafu akajifunika uso kwa aproni, ndipo Ruairidh akasimama mbele ya televisheni akalitamka jina la Oighrig kwa sauti, na akafanya hivyo kila mchezo uliporudiwa.

Oktoba iliyopita kiharusi kilimnyang'anya mama sauti. Asubuhi ya mwisho Catriona alikuwa akimchana nywele taratibu, huku akiimba wimbo ule.

"Huu wa watu wa angani, mama, naupenda sana," akasema.

Mama alinikazia macho, midomo ikimtetemeka, nami nikasema, "Ni wa Oighrig, mama yake."

Catriona aliweka kitana chini, akamwomba radhi, akauanza upya, safari hii akitaja jina kwanza, na mama akafumba macho.

Tunamshukuru daktari, wauguzi, wafumaji wenzake, na majirani waliotuletea supu na kutuwashia moto bila kuombwa. Lala salama, mama, Peigi binti Oighrig.

Leo kaburini tutaimba beti tatu, zile zilizorekodiwa na watu wa televisheni, kwa kuwa ubeti wa nne hakuna aliyeupokea kwake, ameondoka nao.