Injini Izimwe Kwanza

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu mkuu wa redio za magari anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina lake liko kwenye faili. Sisi tunamwita Zima-Injini, na anaitika.

Alianza kwa kufunga spika za milangoni. Ndani ya miaka mitano hakuwa na mpinzani karakana nzima, na sifa zikampanda kichwani kidogo. Mwenyewe anakiri.

Kisha akaja mwalimu wa mazoezi ya viungo, mama asiye na maneno mengi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanzisha darasa lake uwanjani. Muziki ungetoka kwenye gari. Fundi wetu akamfungia amplifaya, akaijaribu injini ikinguruma, akaridhika. Kule uwanjani mama akazima injini, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Umeme ukashuka kutoka volti kumi na nne hadi chini ya kumi na mbili, na kwa kuwa amplifaya ile haikuwa na kidhibiti cha umeme, nguvu yake ikashuka nayo. Besi ikaanza kukwaruza, darasa likabaki mguu mmoja hewani, na wiki iliyofuata nusu ya wanafunzi hawakuonekana. Mama alirudi karakana akasema kwa upole kwamba amplifaya anaiacha, na fundi naye anamwacha.

Hilo lilimuuma fundi sana. Jumamosi alimfuata uwanjani, mita ya kupimia umeme mkononi, akaomba radhi mbele ya wanafunzi waliobaki, kisha akamfungia amplifaya yenye kidhibiti, ambayo nguvu yake haiyumbi hata betri ikishuka. Hakumficha kwamba hiyo hula betri haraka zaidi, kwa hiyo akaongeza na betri kubwa.

Tangu hapo hakuna gari lililotoka bila kupimwa injini ikiwaka na ikiwa imezimwa, vipimo vyote viwili vikabandikwa kwa stika chini ya boneti. Mimi ninayeandika haya nilizicheka sana stika hizo, hasa wateja wakiwa wengi. Jumanne nimejikuta namwambia mteja azime injini kwanza. Nimeshaambukizwa.

Fundi, asante kwa mikono yako na kwa ubishi wako. Ukapumzike na shemeji yetu, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na afya isikupungukie. Tutakukumbuka kila tukishika mita.

Muziki unaousikia kwenye sherehe hii unatoka kwenye gari la mwalimu yule, pale mlangoni. Ametukataza kuleta spika zetu. Injini ameizima mwenyewe.