Miaka Kumi Aliyonyang'anywa Akiru Lotiir

Viongozi wa kanisa, majirani wa Kakuma na Kalobeyei, jamaa mliofunga safari kutoka Kaikor, ejok, hamjambo. Familia imeomba historia hii isomwe yote, hata pale itakapouma.

Mama Akiru Lotiir alizaliwa Kaikor mwaka 1952 au karibu na hapo, na nyote mlioshika karatasi za ibada zinazosema alizaliwa 1 Januari 1962, futeni tarehe hiyo kwa kalamu sasa hivi, kwa sababu mdogo wake, mzee Lokiru aliyeketi hapa mbele, alibatizwa Lodwar tarehe 22 Aprili 1962, njaa ilipoileta familia mjini, kadi yake ipo, na aliyembeba mgongoni hadi kanisani ni huyu huyu Akiru. Jamani, mtoto mchanga atambebaje mtoto mchanga?

Shule hakuiona, alichunga mbuzi. Mwaka 1973 aliolewa na marehemu Longor, mifugo ikatolewa, ndoa ikabarikiwa kanisani tarehe 11 Desemba 1988, wakajaliwa watoto watano, wawili wametangulia. Kitambulisho alikipata mwaka 1980, karani akamtazama usoni, akaona mwanamke mwembamba, akaandika alivyotaka: 1 Januari 1962. Tangu 1984 hadi 2012 alipika uji katika shule ya msingi hapa Kakuma, na wengi mnaolia leo mlikula kwa mwiko wake, aliyerudi foleni mara ya pili, mama alimtambua, akamsema mbele ya wenzake, kisha akampa.

Tarehe 14 Novemba 2023, baada ya kuvunjika mkono kwa kuteleza tu bombani, alikwenda zahanati, akapimwa urefu na uzito, na mtaalamu mgeni akaingiza majibu kwenye programu ya kukadiria hatari ya mifupa kuvunjika. Programu hiyo haikuwa na takwimu za watu wetu, basi akachagua nchi nyingine, akaandika 1962. Mzee Lokiru alitoa kadi yake ya ubatizo, akaeleza, akaambiwa kompyuta inafuata kitambulisho. Jibu likatoka, la mwanamke wa miaka 61, si 71: hatari ndogo, dawa ya mifupa hakuna, arudi nyumbani. Ajabu ya mwaka! Na takwimu zetu zingetoka wapi, wakati bibi zetu wakivunjika nyonga hulala juu ya ngozi mpaka wanakufa, bila karatasi hata moja?

Tarehe 9 Februari 2025 alijikwaa mlangoni kwake, nyonga ikavunjika, akalazwa Lodwar siku ishirini na mbili akisubiri upasuaji, mapafu yakajaa, akafariki tarehe 3 Machi, saa tisa alasiri. Kibali cha mazishi kinasema miaka 63, nimonia. Nyonga haikutajwa popote! Familia imekasirika, na haitaificha hasira yake mbele ya jeneza.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, walimu aliofanya nao kazi, na jirani yake Didace, mkimbizi kutoka Burundi, aliyembeba hadi kwenye gari. Didace yuko langoni na daftari. Kabla ya chakula, kila ambaye mama au bibi yake alivunjika nyonga apite kwake, aseme jina, mahali na umri wa kweli, maana tangu asubuhi yameandikwa majina arobaini na moja, na bado kuna watu barabarani.

Jina la kwanza daftarini ni Akiru Lotiir, Kakuma, miaka 73, nyonga. Pumzika, mama, kwa amani ambayo sisi hatuna.